Uzi Usio na Nguo Yake

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaoanza kazi ya labo, nitawaambia habari ya mikono. Mambo ya mashine mtafundishwa na walimu wenu. Mimi shule niliiacha kabla sijajua kugawanya. Lakini mikono naijua, kwa sababu nilifanya kazi ya kuosha vyombo, na baadaye ya kusaga majani, katika labo ndogo ya mimea pale Gitega, na vita yote ilinikuta humo.

Mkono wa binadamu ni mchafu hata ukiwa msafi. Neno hilo nilipewa siku ya kwanza na Furaha, fundi wa labo, Mkongomani wa Uvira, mwimbaji wa kanisa mwenye sauti tamu Jumapili na mdomo mkali siku zote nyingine. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni mpaka vidole vinang'aa, nikaenda kuchukua chupa aliyoianika. Akaruka kama nimeshika mtoto wake.

"We Zaina! Umeigusa?"

"Nimenawa, dada."

"Umenawa uchafu, mkono haujanawa! Kwenye ngozi yako iko kitu inakata nyuzi za virusi, tak, tak, kama makasi. Sabuni haiiwezi. Hiyo chupa irudi kwenye moto."

Basi nikajifunza. Chupa za kazi ile hazioshwi tu, zinachomwa kwenye tanuri kavu kwa muda mrefu, na ukishazitoa huzigusi ndani. Vinu vya kusagia vinalala kwenye frigo, maana joto nalo ni adui. Na ukiwa na glavu huna ruhusa ya kujikuna pua, wala kumsalimu mtu. Hapo kwenye kusalimu ndipo palikuwa pagumu. Nyinyi mmezaliwa Burundi, mnajua salamu zetu: mkono wa kulia unatolewa, wa kushoto unashika kiwiko kwa heshima, na mikono haiachiani mpaka muulizane watoto wote na ng'ombe kama wapo. Labo ile ilikuwa mahali pekee Gitega ambapo watu walisalimiana mikono ikiwa mgongoni.

Vita ilipotukaribia umeme ukawa wa kubahatisha, na tanuri letu likabaki sanduku la chuma. Furaha alilia. Mimi nikaenda kwa jirani yangu wa Nyamugari, Mzee Saidi muoka mikate. Alikuwa akishatoa mikate, tanuri lake la matofali linabaki na moto wa kutosha hadi adhuhuri. Tukawa tunapanga chupa ndani ya sufuria zenye vifuniko, tunazisukuma ndani. Wanawake wa mtaa wakija kununua mkate wanachungulia.

"Mzee Saidi, leo umeoka nini humo?"

"Chupa."

"Zinaliwa?"

"Za Dokta hizo. Wagonjwa wake ni majani, hawana meno, wanakunywa tu."

Na chupa zikirudi labo zinanukia mkate, Dokta anazinusa, anasema, "Hizi zimeiva."

Huyo Dokta aliitwa Melkiori. Kwao ni Bukirasazi, mtoto wa watu wa jembe. Alisoma mbali sana, akarudi wakati wengine walikuwa wanatafuta njia ya kutoka. Sijui niwaelezeje mtu yule. Alikuwa anauliza swali kwa mfagiaji kwa sauti ile ile anayomuuliza mkubwa, na anangoja jibu. Akikosea anasema nimekosea, tena mbele ya watu, halafu anaendelea na kazi bila kununa. Nimeona wanaume wengi, kusema hivyo wakabaki wima si wengi wanaoweza.

Yeye ndiye alinifundisha habari ya uzi. Nilikuwa namsagia majani ya karanga, bunyobwa kama tunavyosema, yaliyoletwa toka mkoa mwingine, yenye ule ugonjwa unaofanya mmea usongamane, majani madogo ya njano yamebanana kama ua, na ukichimba chini hakuna kitu. Nikamuuliza virusi vyenyewe vinafananaje. Akachomoa uzi kwenye pindo la kitenge changu, akaushika kati ya vidole.

"Virusi vingi vina koti, Mama Zaina. Uzi wenye maagizo uko ndani, koti liko nje. Huyu wa karanga hana. Yeye ni uzi mtupu."

"Na yale makasi? Ndani ya jani hayapo?"

"Yapo, tena mengi. Kila chembe ya jani ni nyumba, na ndani ya nyumba kuna wakataji. Kazi yao kukata nyuzi zilizochakaa na nyuzi za wageni."

"Basi anaponaje?"

Macho yakamng'aa. "Anavikwa. Ndani ya ile nyumba kuna protini, ni kama wafanyakazi. Wengine kazi yao kushika nyuzi za mmea wenyewe zisikatike kabla ya wakati. Virusi anakuja na mtu wake mmoja tu, anaingia mpaka chumba cha ndani kabisa, anawachukua wenyeji, wanatoka pamoja, wanauzunguka uzi, wanaubana. Wakataji wakipita hawaoni pa kushika. Wenyeji wanamlinda mgeni kwa mikono ile ile wanayolindia mali yao."

"Na mgeni anawalipa nini?"

"Anawala."

Nikashangaa kwa Kirundi, yampayinka! Tukacheka, lakini nilikaa na neno lile siku nzima. Dokta alisema jina la huyo mwenyeji hajalijua, ila yupo lazima, kwa sababu uzi mtupu peke yake ungekuwa umekufa kabla ya kumaliza kuamkia. Miaka mingi baadaye Furaha aliniambia wataalamu wamempata, kweli anaishi katika chumba cha ndani ya chumba. Dokta alikuwa amemwona kwa akili tu, kwenye labo ya chupa zinazonukia mkate.

Sasa niwaambie habari ya Spesiyoza.

Gitega ni juu, baridi, ugonjwa ule ulikuwa hautufikii. Ulikuwa Muyinga. Mwaka huo tulisikia kuna mjane kule, mlimani nje ya mji, ambaye mashamba ya majirani zake yote yamekuwa ya njano na kona moja ya shamba lake imebaki kijani. Dokta akataka kuiona. Tukaenda na gari la labo, dereva akiwa Hamisi, tukifuata msafara, maana njia ile hakuna aliyeipita peke yake. Furaha alibaki, karatasi zake za Kikongo zilikuwa zinampa shida kwenye kila bariyeri, vile vizuizi vya wenye bunduki njiani.

Tulipofika Dokta alivaa glavu, akaingia kwanza kwenye mimea migonjwa, akikata hapa na pale. Ndipo Spesiyoza akatoka nyumbani. Mwanamke mrefu, kitenge kimepauka, watoto wake na wa marehemu dada yake wamejipanga nyuma. Akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko, kama inavyotakiwa.

Dokta akarudi nyuma. Mikono juu, mbali. "Samahani mama, mkono wangu hauwezi."

Mkono wa yule mama ukabaki hewani. Halafu akaushusha, akaupangusa kwenye kitenge, polepole, kama uliokuwa na uchafu ni wa kwake.

"Sikujua kama hata mikono siku hizi inachaguliwa," akasema.

Hamisi akakohoa. Mimi nilitamani ardhi inifiche. Nyinyi mliozaliwa baada ya vita hamjui. Miaka ile mtu akinyimwa mkono alijiuliza kwanza amezaliwa na nani na yule mwingine kazaliwa na nani. Dokta alijaribu kueleza, utomvu, ugonjwa, mmea mmoja hadi mwingine, lakini maneno ya kitaalamu hayajawahi kujaza nafasi ya mkono.

Hata hivyo alituingiza ndani. Juu ya jiko kilining'inia kikapu cha karanga, bado zina maganda, zote za ile kona ya kijani.

"Mi nina swali moja," akasema. "Nipande au nile? Nikipanda zikafa kama za wenzangu, hawa watoto wamelala njaa bure wakiangalia kikapu. Nikila, mvua ikija sina mbegu."

Swali lenyewe lilikuwa la labo hasa. Ile kona ilibaki kijani kwa nini? Labda mbegu ile ina nguvu, ugonjwa hauiwezi. Labda vile vidukari, vidudu vya majani vinavyobeba ugonjwa, havikufika tu pale konani. Kwa macho huwezi kujua. Lazima uupake ugonjwa kwenye miche kwa mkono wako, uone.

Dokta akasema, "Usile, usipande, nikuletee jibu kabla ya mvua."

"Na nikingoja tunakula nini, Dokta?"

Hakujibu. Alitazama chini. Spesiyoza akapanda kwenye kigoda, akachota konzi moja kikapuni, akanipa mimi, si Dokta.

Hapo ndipo kosa lilifanyika. Dokta aliogopa bariyeri, kule mizigo inamwagwa juani na majani yanakauka. Akaona tusage pale pale, tuweke maji ya majani katika chupa, chupa kwenye termosi yenye barafu tuliyotoka nayo. Chupa ni ndogo, nani ataisumbua? Nikasaga. Kweli hakuna aliyeisumbua. Lakini msafara ulisimamishwa njiani, mbele kulikuwa na risasi, tukakaa juani mpaka jioni. Nilipofungua termosi barafu ilikuwa maji, na maji yalikuwa ya kuogeshea mtoto.

Tukairudisha chupa kwenye barafu, tukaotesha sehemu ya lile konzi, na miche ilipotoa majani tukapaka hivyo hivyo. Mnajua inavyopakwa? Unanyunyizia jani unga wa jiwe gumu, ule wa kunolea visu lakini laini zaidi, upate kukwaruza kidogo sana. Unashika jani kwa chini, unapitisha kidole cha glavu chenye yale maji, mara moja, kwa uzito wa kumpaka mafuta mtoto mchanga usoni. Ukikandamiza jani linakufa. Ukiogopa, ugonjwa hauingii. Halafu unasuuza. Furaha alinifundisha kwa kunifanya nimpake yeye kwenye shavu kwanza. "Hapana, hiyo unanipiga. Hapana, hiyo unanibembeleza. Eeh, hiyo ndiyo."

Siku zikapita, miche ya Spesiyoza ikasimama kijani kwenye makopo yake. Mimi na Furaha tukashikana viuno tukacheza katikati ya labo. Dokta akaingia, akatutazama, akaelekea meza ya pili. Kule tulikuwa tumepaka karanga za kawaida za soko la Gitega, zile ambazo ugonjwa unazimaliza kila unapofika. Nazo zilikuwa kijani, zinapendeza.

"Mbona na hawa wanacheza?" akauliza.

Tukaachiana viuno.

Kumbukeni hapo, wanangu. Kama asingeweka zile za soko pembeni, tungetuma neno Muyinga kwamba panda, mbegu ina nguvu, na hatukuwa tumejua chochote. Tulikuwa tumepaka maji.

Dokta akakaa kwenye kigoda changu. "Nimemuua mimi," akasema. "Nilisema kwa mdomo wangu kwamba uzi huu unaishi kwa kushikwa na wenyeji wake, halafu nikavunja nyumba, nikamwaga wakataji na washikaji pamoja, nikauweka juani. Nilimtoa nje bila nguo." Halafu akainuka, akapangusa suruali. "Asafiri ndani ya nyumba yake. Mmea mzima, na mizizi, na udongo. Tusage hapa."

Zilibaki punje chache za lile konzi. Mawingu ya Septemba yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Bugendana.

Nikaenda mimi na Hamisi, Dokta akabaki kuotesha miche. Mashamba ya Muyinga yalikuwa makavu, mimea migonjwa yote imeng'olewa kuwashia moto. Nikaona safari imekuwa bure. Spesiyoza akanishika bega, akanipeleka nyuma ya jiko, pale anapomwaga maji ya vyombo. Palisimama mche mmoja, wa njano, umejikunja, mbaya kabisa.

"Huu nilitaka kuung'oa," akasema. "Nikasema yule wa glavu atarudi, huenda anaupenda."

"Mbona unamfikiria wa glavu? Alikunyima mkono."

"Alinyamaza nilipomuuliza tutakula nini. Mwongo angejibu."

Nikamweleza, kwa Kirundi changu cha mjini, habari ya makasi kwenye ngozi, na kwamba hata sisi wa labo hatushikani, na Dokta hata mke wake mwenyewe anamlalamikia. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Basi mwambie mkono wangu upo, unamngoja." Nikatazama juu ya jiko nilipoingia kunywa maji. Kikapu kilikuwepo. Watoto walikuwa wanakula majani ya mihogo bila kitu kingine.

Tukaupanda ule mche kwenye sufuria, tukaufunika chandarua vidukari visituandame Gitega, na juu nikaufunga kitenge, nikaupakata. Kwenye bariyeri kijana mwenye bunduki akaingiza kichwa dirishani.

"Mama, huyo mtoto mbona halii?"

"Si mtoto, mwanangu. Ni karanga."

"Fungua." Nikafungua. Akautazama ule ugonjwa. "Hii? Imekufa hii."

"Ni mgonjwa. Tunaipeleka kwa daktari."

Akamgeukia mwenzake. "Njoo uone! Watu wanakosa gari la kuwapeleka hospitali, huyu mama amempakia karanga!" Wakacheka, wakaita na wengine, kila mmoja akataka kumwona mgonjwa. Hamisi jasho linamtoka. Mwishowe yule wa kwanza akaninyooshea kidole. "Pita. Lakini umfunike, kuna upepo."

Nilimfunika. Na njiani, nikiwa nimelibana lile sufuria kifuani, nilikuwa nawaza wale washikaji wadogo humo ndani, wanaendelea na kazi yao bila kuona bariyeri wala bunduki, wameushika uzi. Wanamlinda mwizi, ni kweli. Lakini kushika kule! Hakuna aliyewaamuru, hakuna anayewaona, na hawaachii. Mwaka ule Nyamugari palikuwa na nyumba zilizoficha watu chini ya vitanda, na wenyeji wakisimama mlangoni wanasema humu hakuna mtu. Sifananishi, maana wale hawakuwa wezi. Nasema tu kwamba niliwaheshimu.

Tulifika sufuria likiwa na unyevu. Nikatoa kinu kwenye barafu, nikasaga haraka, Furaha akapaka palepale kabla maji hayajasahau baridi. Meza ya kwanza, miche ya mwisho ya Spesiyoza. Meza ya pili, karanga za soko.

Tukangoja bila kucheza.

Za soko zilianza kugeuka kwa majani ya juu, madoa, kisha njano, kisha zikajikunja zote. Sijawahi kuona watu wanafurahia ugonjwa namna ile. Furaha aliimba pambio. Na za Spesiyoza zilisimama kijani, isipokuwa mche mmoja uliolegea ukawa wa njano kama za soko. Furaha akataka tuunyamazie, akasema ni mmoja tu. Dokta akakataa.

"Mbegu zake zimechanganyika kidogo. Atasikia lote." Akamwita Hamisi. Barua hakuandika, Spesiyoza hakujua kusoma. Alimfanya Hamisi arudie mpaka akakereka: "Panda. Ina nguvu. Ila ukiona wa njano, hata mmoja, ng'oa siku hiyo hiyo, mbegu yake usiiweke."

Hamisi aliondoka mvua ya kwanza ikinyesha juu ya mabati. Hatukujua kama kikapu bado kipo. Siku ile Dokta alivunja chupa, yeye ambaye havunji. Hamisi aliporudi hakuzima hata gari.

"Kipo! Nimemkuta na jembe mkononi, kikapu ameshakishusha. Alisema angetungoja mpaka kesho tu, kisha apande kwa kubahatisha."

Alipanda. Akang'oa. Majirani wakaja kuomba mbegu, akawapa kwa sharti la kung'oa, na alikuwa anapita mwenyewe mashambani mwao kukagua, wakamwita mkaguzi kwa kejeli, naye akakubali cheo.

Baada ya mavuno, asubuhi moja, akatokea mlangoni mwa labo. Alikuwa amekuja na msafara, ameketi juu ya magunia ya watu, mfuko wa karanga zilizokaangwa kwapani. Tulikuwa katikati ya kazi ya uzi mtupu, ile isiyosamehe hata kidogo. Chupa zimetoka kwa Mzee Saidi, kinu baridi, Dokta ana glavu mpya. Spesiyoza akasimama kizingitini. Hakunyoosha mkono. Aliuweka mgongoni, kama sisi, akatabasamu.

Dokta akavua glavu ya kulia. Akavua ya kushoto.

"Dokta, mikono!" Furaha akapiga kelele. "Uzi utakufa!"

"Ufe," akasema. "Kesho tutasaga mwingine."

Akaenda mlangoni, akatoa mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko, akainama kidogo. Spesiyoza akautoa wake mgongoni. Wakashikana. Dokta akauliza mtoto mmoja mmoja kwa jina, wa kwake na wa dada yake, majina yote aliyashika tangu siku ile ya kwanza, na yeye akajibu mmoja mmoja, yuko, yuko, amekua, yuko. Walipomaliza Spesiyoza akanigeukia mimi, kisha Furaha, kisha Hamisi, kila mtu kwa zamu, bila haraka.

Karanga zake tulizila kwa mikono ile ile tuliyoshikia chupa. Chupa zote zilirudi kwenye tanuri la Mzee Saidi, na zilipotoka mara hii zilinukia karanga.